Chipsi za viazi vitamu kwenye oveni: mbona zinalegea?

“Shikamoo mtaalamu. Naishi Dodoma, nina watoto watatu. Mwezi uliopita nilinunua oveni ndogo ya umeme ya kuweka mezani. Kitu cha kwanza nilichotaka kupika ni chipsi za viazi vitamu, kwa sababu mume wangu amegundulika ana kisukari na nimeambiwa vya kuoka havipandishi sukari kama vya kukaanga. Nimejaribu mara nne. Zinatoka laini kama zimechemshwa, au ncha zinaungua na katikati zinabaki zimelegea. Nikashusha moto hadi 150 nikaziacha saa nzima, ndiyo zikaharibika kabisa, tamu hadi zinakinai. Nimeloweka usiku kucha kwenye maji ya chumvi, nimepaka unga wa sembe, nimeongeza mafuta, wapi. Natumia viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa. Watoto wamesusa, wanataka zinazokauka kama za mtaani. Halafu oveni ikiwaka kwa muda, soketi ya ukutani inapata moto. Nakosea wapi?”

Marahaba mwanangu. Barua yako ina maswali matatu: chipsi, mumeo, na soketi. La soketi umeliweka mwishoni kama nyongeza, mimi naliweka mwanzo. Usiwashe tena hiyo oveni mpaka fundi umeme aje aione. Oveni nyingi za mezani hula kati ya wati 1200 na 2000. Kwa umeme wetu wa volti 230, wati 1500 ni ampea sita na nusu hivi, mzigo ambao soketi nzima ya ampea 13 inaubeba bila kukushtua ukiigusa. Ikipata moto, ama kuna waya umelegea ndani, ama soketi imechakaa, ama umepitishia umeme kwenye ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu. Nyumba huungua kwa mambo madogo kama hayo. Fundi akishatengeneza, oveni ichomekwe moja kwa moja ukutani, peke yake, bila pasi wala birika kugawana nayo.

Hilo likiisha, turudi jikoni.

Karibu kila hatua uliyochukua ingekuwa na maana kama ungekuwa unapika mbatata. Tunaviita vyote viazi na vyote tunavichimba ardhini, lakini hawa si ndugu. Mbatata ni jamaa wa nyanya na biringanya. Kiazi kitamu ni mzizi ulionenepa wa mmea unaotambaa, jamaa wa yale maua ya rangi ya zambarau yanayopanda kwenye ua. Ndani yake kuna vitu viwili ambavyo mbatata haina kwa kiasi hicho: sukari, na kimeng'enya kinachotengeneza sukari nyingine wakati unapika. Ongeza maji mengi juu yake, na hapo ndipo matatizo yako yote manne yalipotoka.

Anza na maji. Viazi lishe vingi, katika kila gramu 100, gramu 75 hivi ni maji. Ukiweka nusu kilo kwenye trei, umeweka kikombe kimoja na nusu cha maji ndani ya oveni, ingawa huyaoni. Ili chipsi ipate ganda kavu linalolia mdomoni, maji ya tabaka la juu lazima yaondoke haraka kuliko yale ya katikati yanavyosogea nje kuchukua nafasi yake. Kwenye karai hilo ni jambo jepesi. Mafuta yanaizunguka chipsi pande zote na kuipa joto kwa nguvu, na yale mapovu unayoyaona ni maji yakitoka kwa fujo. Kwenye oveni ni hewa inayofanya kazi hiyo, na hewa ni mvivu wa kubeba joto. Unaweza kuingiza mkono kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa nukta mbili kugeuza trei. Usithubutu kwenye mafuta ya nyuzi hizo hizo. Kwa hiyo mlango wa oveni ukifungwa juu ya trei iliyojaa, kinachotokea nusu saa ya kwanza ni kuvukiza. Ukisema zimetoka kama za kuchemsha, hujakosea hata kidogo. Zimepikwa kwa mvuke wao wenyewe.

Sasa hicho kimeng'enya. Wataalamu hukiita beta-amilesi, na kazi yake ni kukata wanga kuwa sukari iitwayo maltosi. Kiazi kikiwa kibichi, kimeng'enya hakiwezi kuushambulia wanga vizuri kwa sababu umejifunga kwenye punje ngumu. Joto la ndani ya kiazi likifika nyuzi 60 na kitu, punje zinavimba na kufunguka, na kimeng'enya kinaanza karamu. Kinaendelea mpaka joto lipite nyuzi 75 au 80, ndipo chenyewe kinaharibika. Kwa hiyo utamu wa kiazi unategemea sana kimekaa muda gani katika lile dirisha la joto. Ukikipitisha haraka, wanga mwingi unabaki wanga. Ukikichelewesha, wanga unageuka sukari na maji yanayonata, na kile ambacho kingekuwa mfupa wa chipsi yako kimeyeyuka.

Ukitaka ushahidi usiohitaji maabara, nenda Usukumani. Kule viazi hukaushwa kwa njia mbili. Michembe hukatwa vikiwa vibichi na kuanikwa juani. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo hukatwa na kuanikwa. Kiazi ni kile kile, jua ni lile lile, lakini matobolwa ni matamu hadi watoto huyatafuna kama peremende, na michembe haina utamu huo mpaka uipike. Tofauti ni ule muda kiazi kilipokaa chunguni kikipata joto polepole. Bibi zetu walikuwa wanatawala kimeng'enya kabla hakijapewa jina.

Kwa hiyo ulipoona ncha zinaungua ukashusha moto hadi 150 kwa saa nzima, uliipa oveni nafasi ya kutengeneza matobolwa. Najua ilionekana ni busara, maana kila mpishi akiona kitu kinaungua hushusha moto. Ncha zinaungua kwa sababu ni nyembamba, zinakauka kwanza, na zimejaa sukari; sukari ikikauka kwenye joto kubwa haina subira. Dawa yake ni kukata vipande vyenye unene sawa na kufupisha muda, moto ubaki mkali.

Chumvi. Kuloweka usiku kucha kwenye maji ya chumvi kunavuta maji ya kiazi nje na kuingiza chumvi ndani, na kesho yake unabaki na kipande kilicholegea ambacho kitaendelea kutoa jasho kwenye trei. Kuloweka kwenye maji matupu, dakika 30 tu, kuna faida: kunaosha wanga uliotapakaa pale kisu kilipopita na utomvu ule mweupe unaonata, na kunazuia vipande visipige weusi. Zaidi ya hapo hakuna unachopata. Chumvi inyunyizwe chipsi zikishatoka.

Sembe pia tuiache ipumzike. Uliisikia siri ya kupaka unga, na siri yenyewe ni ya kweli, ila unga wenyewe ni mwingine. Kinachotakiwa ni wanga mtupu, ule mlaini kama poda unaoteleza vidoleni, kornifulawa ya paketi inayotumika kwenye kastadi. Inanyonya unyevu wa juu ya kiazi, inaiva kuwa utando, na utando ukikauka unakuwa kama kioo chembamba. Sembe ina chembechembe kubwa, inabaki mbichi na kukwaruza ulimi. Ukikosa kornifulawa, unga wa muhogo uliochekechwa vizuri unasogea karibu. Na wapo wanaoshauri magadi soda kidogo kama inavyofanyika kwa mbatata. Kwenye kiazi kitamu usijaribu, kinaweza kugeuka rangi ya kijani ambayo hakuna mtoto atakayeikubali.

Mafuta ukiongeza yanatuama chini ya trei, na upande wa chini wa chipsi unayanywa. Vijiko viwili vya chakula kwa nusu kilo vinatosha kabisa. Usiyaondoe yote, maana pia yanasaidia mwili kuipokea ile rangi ya chungwa, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A.

Na hapa nikutetee viazi lishe, maana barua yako inaweza kumfanya mtu aviogope. Vimeletwa kwa sababu nzito. Upungufu wa vitamini A huharibu macho ya watoto na kuwapunguzia kinga, na viazi hivi ni njia rahisi ya kuifikisha vitamini hiyo mezani. Mwaka 2016 Tuzo ya Dunia ya Chakula ilikwenda kwa Maria Andrade, Jan Low na Robert Mwanga, mtafiti wa Uganda, kwa kazi ya viazi hivi, pamoja na Howarth Bouis. Wanao wapewe. Lakini aina nyingi za rangi ya chungwa zina maji mengi, na ndizo ngumu kuliko zote kuzifanya chipsi za oveni. Mapishi mengi ya mtandaoni yameandikwa Marekani, ambako kiazi cha dukani ndicho hicho hicho cha chungwa chenye maji. Hata zile chipsi zao za mgahawani zilizokauka vizuri, nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimeshapitishwa kwenye maji ya moto, zimepakwa tabaka la wanga, zimekaangwa nusu na kugandishwa. Anayekuonyesha picha na kusema ni oveni tupu anakuficha nusu ya habari.

Sisi tuna bahati moja ambayo wao wanaikosa. Viazi vyetu vya asili, vyeupe au vya rangi ya maziwa kwa ndani, vina maji kidogo. Gramu 65 hadi 70 kati ya 100, na kilichobaki sehemu kubwa ni wanga. Hizo gramu chache zinaonekana ndogo kwenye karatasi, kwenye trei ni kubwa. Wewe upo Dodoma, barabara ya kwenda Morogoro inapita Gairo, na sijaona basi linalopita pale bila abiria kuchungulia dirishani kutafuta viazi. Sokoni mwambie muuzaji unataka viazi vya unga, si vya maji. Ataelewa, na kama ni muungwana atakuvunjia kimoja. Kinachovunjika kwa mlio na kuonekana kikavu kama chaki ndicho chako. Chukua vya wastani, vilivyonyooka, bila matundu.

Matundu nayasisitiza. Fukusi akitoboa kiazi, kiazi chenyewe hujihami kwa kutengeneza sumu chungu, na uchungu ule huenea mbali kuliko tundu unaloliona. Ng'ombe waliolishwa viazi vitamu vilivyooza wamewahi kufa kwa kuharibika mapafu. Kukata sehemu mbovu na kupika iliyobaki hakutoshi kama harufu imeshaenea. Kitupe.

Na usiviweke kwenye friji vikiwa vibichi. Chini ya nyuzi 12 au 13 kiazi kitamu kinaumia kwa baridi, na katikati panaweza kubaki pagumu hata upike vipi. Kapu, kivuli na hewa vinatosha.

Sasa mimi nafanyaje. Nusu kilo ya viazi vya unga, si zaidi, kwa trei moja ya oveni ndogo. Hapa ndipo wengi tunaanguka, hata sisi wa kazi hii. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha upishi nilipata wageni, nikajaza trei mbili na kuzipandanisha ili niokoe muda. Nilichowapelekea kilifanana na viazi vya futari vilivyosahauliwa nazi. Chipsi zisigusane. Kati ya moja na nyingine kidole kiweze kupita, ili mvuke upate njia.

Namenya, nakata kwa unene wa sentimita moja, karibu na unene wa kidole kidogo. Vya mwisho vilivyochongoka naviweka pembeni, navichemshia mtoto. Nikiviacha ndivyo vitakavyoungua. Naloweka nusu saa, namwaga, kisha nakausha kwa kitambaa safi cha pamba. Nasema nakausha: nafuta, natandaza dakika kumi, nafuta tena. Ukiruka hatua hii, nyingine zote umefanya bure. Kijiko kimoja cha chakula cha kornifulawa kinatangulia, natikisa bakuli mpaka kila kipande kiwe na vumbi jembamba, ndipo mafuta yanafuata. Ukianza na mafuta, unga unashikana mabonge.

Wakati huo oveni imeshawaka nyuzi 220, na trei tupu imo ndani inapata moto. Chipsi zikishuka kwenye trei ya moto unasikia “chwaa”, na upande wa chini unaanza kukauka hapo hapo badala ya kukaa dakika kumi ukisubiri bati lipate joto. Kumbuka lile dirisha la kimeng'enya; kila dakika ya uvuguvugu ni utamu na ulaini. Trei iwe bati tupu iliyopakwa mafuta kidogo. Karatasi ya kuokea ni rahisi kwa kuosha lakini inapunguza joto la chini, na foili itang'ang'ania nusu ya chipsi zako.

Dakika 15 bila kuzigusa. Ukizigeuza mapema zinavunjika, maana ganda halijashika. Fungua mlango kwa uangalifu, mvuke utoke usoni mwa ukuta na si usoni mwako, geuza kwa koleo au kijiko bapa, rudisha dakika 10 hadi 15. Tafuta kahawia ya dhahabu pembeni. Nyeusi umepitiliza, na si kwa ladha tu. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba vyakula vya wanga vikipikwa kwa joto kali vikavu hutengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi, na kadiri vinavyozidi kuwa vyeusi ndivyo inavyozidi. Hakuna haja ya hofu kwa chipsi za Jumamosi, ila usiwape watoto zilizoungua ukiwaambia wale tu wasiharibu chakula.

Zikifika, zima oveni, acha mlango wazi kidogo dakika tatu nne. Mvuke wa mwisho unatoka. Chumvi, pilipili manga, au pilipili ya unga na ndimu kama za muhogo wa barabarani, na moja kwa moja mezani. Usizifunike! Baada ya dakika kumi hivi maji ya katikati yanakuwa yamefika kwenye ganda, na hapo zinalegea hata kama mpishi ni malaika. Watoto wakae mezani kabla ya chipsi, si baada.

Kama bado zinatoka hovyo, ishuku oveni yenyewe. Vitasa vya oveni hizi ndogo husema 220 ndani ikiwa 190, na wakati mwingine kinyume chake. Kipima joto cha oveni ndiyo njia ya uhakika. Ukikosa, kuna ujanja wa zamani wa wapishi wa keki: weka kijiko cha chai cha sukari nyeupe kwenye kipande cha foili, robo saa. Kitasa kikiwa 175 sukari inatakiwa ibaki kavu. Kikiwa 190 inatakiwa ianze kuyeyuka. Ikiyeyuka kwenye 175, oveni yako ni kali kuliko inavyosema, na kama haiyeyuki kwenye 190 ni mvivu. Si kipimo cha maabara, lakini kinakutoa gizani. Na kwa kuwa umeme wa LUKU unauona unavyoteremka: oveni ya wati 1500 ikiwaka mfululizo dakika 40 inakula uniti moja. Kuoka trei moja moja ni gharama kidogo zaidi, na bado nafuu kuliko chakula kinachosuswa.

Ukiendelea na viazi lishe, fanya hivi: baada ya kukata, vitumbukize kwenye maji yanayochemka kweli kweli dakika tatu, vitoe, vitandaze kwenye chujio na kitambaa mpaka vikauke na kupoa, ndipo kornifulawa na oveni. Maji yanayochemka yanakivusha kiazi haraka kwenye lile dirisha na kukiua kimeng'enya, hivyo utamu haupandi sana na ncha haziungui upesi. Ubaya wake ni kazi ya kukausha, ambayo inakuwa mara mbili. Kile kikaangio cha hewa kinachotangazwa kila mahali ni oveni ndogo yenye feni kali, na kwa chipsi kinafanya vizuri kuliko oveni isiyo na feni kwa sababu kinafukuza mvuke. Lakini una oveni tayari. Usinunue kingine kwa ajili ya chipsi. Na nikuambie ukweli ambao wauza mapishi hawapendi kusema: za oveni zitakuwa kavu nje, laini ndani, nzuri, na bado hazitalingana na za karai. Watoto wakitaka zile za mtaani siku moja moja, kaanga. Ni chakula, si dhambi.

Nimemwacha mumeo mwisho makusudi, kwa sababu ndiko kuna kosa nisilotaka lipotee katikati ya habari za trei.

Ulichoambiwa, kwamba vya kuoka havipandishi sukari kama vya kukaanga, si sahihi kwa kiazi kitamu. Umeshaona wanga unavyogeuzwa sukari kwenye joto kavu la taratibu. Watafiti wa Jamaica walipima aina kumi za viazi vitamu vya kwao, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Kipimo walichotumia ni kasi ya chakula kupandisha sukari ya damu, glukosi ikihesabiwa 100. Viazi vya kuchemsha vilipata kati ya 41 na 50. Vya kukaanga 63 hadi 77. Vya kuoka kwenye oveni 82 hadi 94. Viazi vyetu si vya Jamaica, na chipsi nyembamba ya moto mkali haiwi sawa na kiazi kizima kilichookwa saa nzima, kwa hiyo usizichukue namba hizo kama sheria. Mwelekeo wake lakini unaeleweka: kuchemsha ndiyo njia ya upole zaidi, na ile trei yako ya nyuzi 150 kwa saa moja huenda ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote kwake.

Hiyo haimaanishi umrudishe kwenye karai. Mafuta mengi yana yake kwa moyo na uzito, na mwenye kisukari moyo wake unahitaji kulindwa. Maana yake ni kwamba oveni haimpi ruhusa ya sahani kubwa. Kama anapenda viazi vitamu, vya kuchemsha na maganda yake viwe ndiyo kawaida, kipande kisichozidi ngumi yake, pamoja na maharage au samaki na mboga za kutosha nusu ya sahani. Siku ya chipsi, apate chache kutoka kwenye trei ya watoto, nane au kumi, zikichukua nafasi ya ugali au wali na si kuongezwa juu yake. Na asile na soda.

Kama mna mashine ya kupimia nyumbani, apime kabla ya kula na saa mbili baadaye. Afanye hivyo siku ya viazi vya kuchemsha na siku ya chipsi, muandike kwenye daftari. Mwili wake utawajibu kwa usahihi kuliko mimi, na daftari hilo mlipeleke kliniki. Huko muulizieni mtaalamu wa lishe ampangie kiasi kulingana na dawa anazotumia, hasa kama anachoma insulini au anameza vidonge vinavyoweza kushusha sukari ghafla. Kumpunguzia wanga bila kuwaambia kunaweza kumletea kizunguzungu na jasho la baridi. Kama ameambiwa figo zimeguswa, viazi vitamu vina potasiamu nyingi, na hapo asile kwa makadirio ya jikoni mpaka daktari aseme. Asiache dawa kwa sababu chakula kimebadilika. Na akianza kiu isiyokatika, kukojoa kila mara, kutapika au kuchanganyikiwa, hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo, mchana au usiku.

Zikibaki, usizirudishe kwenye oveni ndogo kwa moto mdogo, utazikausha kama kuni. Zipashe kwenye kikaango kikavu kilichopata moto, dakika mbili tatu, ukizigeuza. Mimi huwa naziacha hivyo hivyo za baridi, asubuhi nazikatia kwenye mayai na kitunguu.